Nguvu za Umeme kwa Redio ya Nyumbani



Mtu akinunua redio kubwa yenye kikuza sauti, kisha akasikia inavuma kama nyuki, au sauti inakwaruza kila ngoma inapopigwa kwa nguvu, mara nyingi huilaumu spika, akaenda dukani kununua nyingine. Fedha hutoka, na mvumo hubaki pale pale. Yafaa ijulikane kwamba nguvu inayoitikisa spika hutoka katika betri au katika waya wa ukutani, ila imepewa umbo la maneno na muziki. Kikuza sauti hakizai nguvu. Hukitumia tu kile kilichopewa. Basi atakaye sauti safi na aanze kwenye chanzo cha umeme.

Gharama ya kuilisha redio si jambo jipya katika Afrika. Mwaka 1949, Harry Franklin, ofisa wa Idara ya Habari katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, alifanikiwa kuwapatia wananchi redio ya bei nafuu iliyotengenezwa na kampuni ya Ever Ready. Umbo lake lilikuwa kama sufuria, na kwa hiyo ikaitwa Saucepan Special. Redio iliuzwa kwa pauni 5, na betri yake kwa pauni 1 na shilingi 5, nayo ilidumu saa 300 hivi. Shilingi 25 za wakati ule zilikuwa peni 300. Maana yake kila saa ya kusikiliza ilimgharimu mwenye redio peni moja, na bei ya betri nne ilikuwa sawa na bei ya redio nzima. Redio hizo zilikuwa za valvu, ambazo hutaka umeme wa kuzipasha moto, na tena umeme mwingine wenye msukumo mkubwa. Transista, iliyovumbuliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1947, haihitaji kupashwa moto. Tangu redio za transista zilipoanza kuuzwa huko mwaka 1954, redio ndogo zikaja kutosheka na mawe machache ya tochi.

Lakini kikuza sauti cha sebuleni, chenye spika mbili, hutaka nguvu zaidi. Katika Kenya umeme wa nyumbani, ambao wengi huuita stima, una msukumo wa volti 240, nao huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Kikuza sauti kinataka msukumo mdogo, tena uendao njia moja tu. Kwa hiyo transfoma huupunguza msukumo ule, dayodi huufanya uende njia moja, na kapasita huuhifadhi. Kapasita ni kama tangi la maji la nyumbani. Dayodi hulijaza kwa ndoo, mara 100 kila sekunde, na kikuza sauti huteka bila kukoma. Tangi likiwa dogo, maji hushuka sana kabla ndoo ya pili haijafika, na kushuka na kupanda huko ndiko kunakosikika katika spika kama mvumo.

Kwa hesabu ya mafundi, kikuza sauti kikiteka ampea 1, kapasita ya maikrofaradi 4,700 huacha msukumo ushuke kwa volti 2 hivi kati ya ndoo na ndoo. Ya maikrofaradi 10,000 huacha ushuke kwa volti 1 tu. Hata hivyo, si vyema kuongeza bila kipimo, kwa maana tangi kubwa mno likiwa tupu huteka kwa pupa wakati wa kuwasha, na dayodi zaweza kuungua. Hali kadhalika, kapasita huzeeka na kukauka. Redio iliyokuwa safi zamani na sasa inavuma huenda inataka kapasita mpya tu, wala si spika.

Vyombo vingi vya siku hizi hupata umeme kwa adapta iliyo nje. Anayetaka kuweka adapta yenye nguvu zaidi na asome mambo manne yaliyoandikwa juu yake. La kwanza ni volti: ziwe zile zile zitakiwazo na chombo. Adapta ya volti 19 katika chombo cha volti 12 yaweza kukiua mara moja. La pili ni ampea: ziwe sawa au zaidi. Wako wanaoogopa kwamba adapta ya ampea 5 italazimisha ampea zote ziingie katika chombo cha ampea 2. Sivyo. Volti husukumwa na adapta, bali ampea huchukuliwa na chombo kwa kadiri ya haja yake. La tatu ni kama umeme unaotoka ni wa njia moja au wa kwenda na kurudi. La nne ni upande wa chanya na wa hasi kwenye ncha ya plagi, kwa maana ukigeuzwa, chombo chaweza kuharibika.

Kuzidisha volti kwa ampea hutoa wati. Adapta ya volti 12 na ampea 2 hutoa wati 24, basi. Mwuzaji akidai kwamba kikuza sauti kinachotumia adapta hiyo kinatoa wati 200 mfululizo, hesabu yenyewe yamkanusha.

Kwa wale wa mashambani watumiao betri ya gari au ya sola, ni vizuri kukumbuka kwamba betri ya volti 12 ikijaa huwa na volti 12.7 hivi, na inapochajiwa hupita volti 14. Kabla ya kuiunganisha, na ihakikishwe kuwa chombo chaweza kustahimili kiasi hicho. Betri ya ampea-saa 40, ikitumiwa nusu tu ili isizeeke upesi, italisha chombo cha ampea 1 kwa saa 20. Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Betri ya namna hii, waya zake zikigusana, hutoa ampea nyingi mno, hata waya ukawa mwekundu kama kaa la moto. Na penye paa la makuti au nyasi, nyumba nzima yaweza kuteketea.

Kuna desturi mbaya ya kuweka kipande cha waya au msumari mahali pa fyuzi iliyokatika. Fyuzi ni askari wa zamu. Anayefanya hivyo amemfukuza askari na kumwachia mwizi mlango wazi. Tena chombo cha volti 240 kisifunguliwe na mtu asiyefundishwa, hata kama plagi imechomolewa, kwa sababu kapasita huweza kushika umeme baada ya hapo, na umeme huo waweza kuua. Kazi hiyo ni ya fundi.

Basi mwenye redio na apime kwanza, aisome adapta, akague waya na fyuzi, kisha amwite fundi aangalie kapasita. Hayo yote yakiwa sawa na sauti bado ni mbaya, hapo ndipo afikirie kununua spika. Afuataye utaratibu huo huenda akaona kwamba spika aliyokuwa karibu kuitupa ilikuwa nzima siku zote, nayo ilikosa chakula tu.