Kibali cha Kiumbe Hai si Karatasi Tu



Chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979, matumbawe hai yajengayo miamba hayavuki mpaka bila kibali cha nchi yanakotoka. Mwananchi wa Mwanza aweza kuuliza: mambo ya bahari yamhusu nini? Yamhusu sana. Kibali hicho hulinda kule kiumbe kinakotoka. Kule kinakofikia, mlinzi ni afisa makini na raia aliyeelimishwa. Ziwa Victoria ni shahidi. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akala furu hata aina nyingi zikatoweka. Gugumaji, lililosambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake, likaziba mialo miaka ya 1990. Basi muhuri usigongwe kwa mazoea. Kiumbe hai kikishaenea majini hakirudishwi kwa barua.