Shogi la Baiskeli kwa Madumu Mawili

Mimi ni bwana shamba wako kutoka chuo cha kilimo. Leo hatutazungumza habari za mbolea wala palizi. Tutazungumza habari za safari: ile safari fupi ya nyanya zako kutoka shambani mpaka barabarani, pale anaposimama mnunuzi.

Ukipita barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, ukifika Ilula utaona nyanya na vitunguu vimepangwa kando ya barabara. Wasafiri wengi huziona nyanya tu. Hawaioni njia ya vumbi iliyo nyuma yake, yenye mawe na mteremko, ambayo mkulima ameipita na baiskeli yake. Nawe unayelima Lushoto au Mgeta, njia ya namna hiyo unaijua vizuri.

Basi tuulizane. Nyanya unazibebaje? Wengi wetu hufunga tenga moja kubwa juu ya keria. Mzigo wote uko juu. Gurudumu likikanyaga jiwe, tenga linayumba, na baiskeli nayo inataka kuanguka. Nyanya za chini zinazibeba za juu njia nzima. Ukifika, mnunuzi anafungua tenga, anatoa zilizopasuka, kisha hata zile nzima anazishusha bei kwa sababu zimelowa maji ya wenzake. Umetoka jasho miezi mitatu, na hasara umeipata katika saa moja.

Wenye punda walilijua jambo hili zamani. Hawakumrundikia punda mzigo juu ya mgongo. Walimvika shogi, mfuko wa ukili wenye matumbo mawili, moja huku na moja huku, mzigo ukakaa chini na kulingana. Na baiskeli ni hivyo hivyo. Tunaweza kuitengenezea shogi lake kwa madumu mawili makuukuu ya plastiki, yale ya lita 20.

Lakini kabla hujashika kisu, sikiliza neno hili, maana ndilo kubwa kuliko yote ya leo. Dumu gani?

Chukua dumu lililokuwa na mafuta ya kula au maji. Dumu lililokuwa na dawa ya kuua wadudu, dawa ya ukungu au dawa ya magugu, usilichukue. Siku moja mama mmoja aliniletea madumu mawili mazuri, magumu, meupe. Akaniambia, "Bwana shamba, haya nimeyasugua kwa sabuni na mchanga siku mbili, hata harufu hayana." Nikasoma alama iliyobaki ubavuni, nikaona ni ya dawa. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, haya hatuyatumii." Alikasirika, na sikumlaumu, kwa kuwa alikuwa ametumia nguvu zake. Lakini plastiki hunywa dawa. Dawa huingia ndani ya ukuta wa dumu, na sabuni haifiki huko. Baadaye hutoka kidogo kidogo, ikaingia katika nyanya, na nyanya zile huliwa na watoto wako kabla ya kufika kwa mnunuzi. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Chombo cha dawa kikiisha, kisuuze mara tatu. Maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba la kunyunyizia, uyapige shambani pamoja na dawa. Kisha kitoboe chombo hicho, asije mtu akakitekea maji. Usikichome moto. Kiweke mbali na watoto, umuulize bwana shamba wa kwenu kinapelekwa wapi.

Dumu la petroli nalo liache. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka ukiligusa kwa chuma cha moto. Na la mafuta ya taa litazitia nyanya harufu, hakuna atakayezinunua.

Haya, sasa tayarisha vifaa. Madumu mawili yaliyo sawa. Mbao nyembamba. Boliti nane, kila moja na washa zake mbili. Kipande cha nondo nyembamba. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha kazi. Kisu kikali au msumeno wa chuma, na msasa.

Kwanza, simamisha dumu, mdomo juu. Ubavu wake mpana ndio utakaotazama gurudumu. Chora mstari kwenye pande tatu nyingine, vidole vinne chini ya bega la dumu. Mahali mstari unapoanza na unapoishia, toboa tundu dogo la mviringo kwa msumari uliochomwa moto. Kazi hiyo ifanyie nje, penye upepo, usivute moshi wake. Tundu hilo lina maana. Plastiki iliyokatwa ikaachwa na kona kali huanza kupasuka pale pale. Kona ya mviringo haipasuki upesi.

Pili, kata mstari huo. Ubavu wa nyuma usiukate. Hapo umepata mfuniko unaofunguka kuelekea kwenye gurudumu, na mkono wa dumu umebaki juu yake. Piga msasa kingo zote mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Kama kidole kinakwaruzwa, nyanya itakatwa.

Tatu, toboa matundu. Manne chini, ili maji yatoke, na mengine kadhaa kwenye pande mbili za pembeni, ili nyanya zipate hewa.

Nne, ndipo penye kazi yenyewe, nami hapa nitakueleza kosa langu. Shogi la kwanza nililotengeneza nilifunga boliti kwenye plastiki peke yake. Nikaona limeshika, nikaridhika, nikampa kijana mmoja aliyekuwa anapeleka nyanya zake mnadani asubuhi ile. Katika mteremko wa kwanza plastiki ikachanika kwenye boliti. Dumu la kushoto likaingia kwenye spoku, baiskeli ikasimama ghafla, na kijana akaanguka mbele. Mungu alisaidia, alichubuka mikono tu. Lakini nyanya zilibingirika mpaka korongoni. Tuliziokota pamoja bila kusemezana. Nilimlipa za kulipika, ila mnada wa siku ile ulikuwa umekwisha kumpita. Kwa hiyo ninayokuambia sasa nimejifunza kwa hasara ya mtu mwingine.

Weka ubao mmoja ndani ya ubavu wa nyuma, chini kidogo ya mfuniko, na ubao mwingine nje, umeelekeana nao. Plastiki ikae katikati, kama nyama katika mkate. Pitisha boliti mbili, washa kila upande, kaza. Fanya hivyo hivyo chini, karibu na tako la dumu. Mbao ndizo zinazobeba mzigo, na plastiki inabakia kuwa mfuko tu. Ubao wa nje wa chini uwe mrefu kiasi cha kuegemea miguu ya keria, ile inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Ukiegemea hapo, dumu haliwezi tena kuingia kwenye spoku.

Tano, kata nondo upinde kulabu mbili kwa kila dumu. Fundi baiskeli au mhunzi atakusaidia. Zifunge kulabu kwenye ubao wa juu, kisha ziningʼinize kwenye ukingo wa keria. Kata mpira vipande virefu. Kimoja kifunge dumu chini kwenye mguu wa keria, lisirukeruke. Kingine kizungushe juu, kifunge mfuniko.

Sasa usipakie bado. Panda baiskeli, uzungushe pedali taratibu. Je, kisigino kinagusa dumu? Kama kinagusa, lisogeze nyuma mpaka zipatikane nafasi za vidole vitatu. Sukuma dumu kwa mkono kuelekea gurudumu. Je, linafika kwenye spoku? Kama linafika, rudi kwenye ubao wa chini. Kisha jaribu breki zote mbili. Shogi zuri kwenye baiskeli isiyo na breki ni mtego.

Katika kupakia, shika mambo matatu.

La kwanza, pande zote mbili zilingane. Dumu moja lililokatwa hivi hubeba nyanya karibu kilo 10. Ukijaza moja na kuacha jingine nusu, baiskeli itakuvuta upande mmoja mpaka uchoke.

La pili, nyanya ngumu, zilizoanza tu kugeuka rangi, ziwe chini. Zilizoiva ziwe juu. Tandika majani makavu ya mgomba chini, na katikati ya dumu weka kipande cha ubao mwepesi kinachokaa juu ya vijiti viwili. Kwa njia hiyo nyanya za chini hazibebi zile za juu.

La tatu, kwenye mteremko mkali shuka, ukokote baiskeli. Haraka haraka haina baraka, na hapo haina hata nyanya.

Najua utauliza, "Bwana shamba, kilo 20 tu? Tenga langu linabeba zaidi." Ni kweli. Shogi hili si la mwenye mzigo wa lori. Ni la yule anayechuma kidogo kidogo kila baada ya siku tatu au nne, anayetaka alichokichuma kifike kizima. Na juu ya keria bado pana nafasi ya kifurushi chepesi cha mchicha au vitunguu vya majani. Hesabu mwenyewe: safari hii pima nyanya ulizopakia na nyanya alizokubali mnunuzi. Andika katika daftari. Safari ijayo pakia kwa shogi, upime tena. Daftari lako litakuambia ukweli kuliko mimi.

Neno la mwisho ni la utunzaji. Ukirudi nyumbani, lishushe shogi, lioshe, liweke kivulini. Jua hulikausha dumu likawa kama ganda la yai. Kila wiki kaza boliti na utazame kama pana ufa. Ukitaka kubebea samadi, tengeneza madumu mengine kwa kazi hiyo, usiyachanganye na ya nyanya.

Yule mama aliyenikasirikia alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii alileta madumu ya mafuta ya kula, aliyopata kwa muuza chapati. Tukakaa chini ya mwembe, tukayakata pamoja, na mbao za ndani alizifunga mwenyewe. Alipomaliza akaniuliza, "Na yale ya dawa, bwana shamba, nimeyatoboa. Umeridhika?"

Niliridhika, ndugu mkulima. Nawe kabla hujakata dumu lako, ligeuze usome ubavuni. Kama alama imefutika na hujui lilibeba nini, liache. Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kazi njema, na kwaheri.