Kamanda Alikusudia Nini?

Mwezi wa Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, Kivu Kusini, kumhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware na askari wake. Usiku wa tarehe 1 Januari, baada ya raia kumuua askari mwenzao, askari hao walivamia mji wa Fizi, wakavunja nyumba, wakapora, wakabaka wanawake. Kibibi alikana. Tarehe 21 Februari akapewa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu.

Sasa mtu akikana, kusudi lake linajulikanaje?

Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002, unataka kusudi na ujuzi. Kifungu cha 30 kinamshika hata asiyetamani matokeo, mradi alijua kwamba mambo yakienda kama kawaida, yatatokea.

Mafakihi wa Kiislamu walilichambua jambo hilo la kusudi zaidi katika mauaji. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, anatazama chombo kilichotumika. Chukua wavuvi wawili wa ndagala pale Kalundu, Uvira, wanaogombania wavu. Mmoja akimkata mwenzake panga la shingo, amekusudia, aape asiape. Akimzaba kofi na mwenzake akafa, hilo linafanana na kusudi tu: hauawi, ila diya yake, yaani fidia ya damu, ni nzito. Akitupa nanga gizani ikampiga mtu asiyemwona, ni bahati mbaya. Diya inalipwa na jamaa za upande wa baba, naye hutoa kafara. Imamu Malik hiyo daraja ya kati haikubali: umepiga kwa hasira, mtu amekufa, basi umekusudia. Kwa mji wenye baa nyingi kama Uvira yetu, mimi naona Malik amekaza mno.

Njia hizi mbili, ya Roma na ya fikihi, zinaachana kwa kamanda. Kifungu cha 28 cha Roma kinamtia hatiani hata yule ambaye ilimpasa kujua, akazembea. Katika fikihi, uzembe wa namna hiyo huachiwa zaidi taaziri, yaani adhabu anayoipima kadhi. Lakini Roma nayo ina mlango: mwanasiasa wa Kongo Jean-Pierre Bemba alihukumiwa mwaka 2016 kwa kifungu hichohicho, na tarehe 8 Juni 2018 majaji wa rufaa wakamwachilia, wakisema ugumu wa kuongoza askari walioko nchi nyingine haukupimwa vya kutosha. Kibibi hakuwa na utetezi huo. Askari wake aliwaongoza hapo hapo Fizi.