Jina la Mwimbaji Lisipotee: Usahihi wa Taarifa za Nyimbo Tunapohamisha CD kwenye Kompyuta

Mada kwa semina ya watunza muziki wa redio na makanisa, Bunia

Nimeombwa nianze kwa kueleza maana ya kuhamisha CD. Wote hapa mnajua: ni kusoma sauti iliyo kwenye diski na kuihifadhi kama faili, iwe FLAC isiyopunguza kitu au MP3 inayobana kwa kupoteza sehemu ya sauti. Programu ni za bure na ubora wa sauti hautusumbui tena.

Kinachotusumbua ni majina. CD ya muziki ya kawaida haibebi jina la wimbo. Inabeba orodha ya mahali kila wimbo unapoanzia. Programu huchukua vipimo hivyo, huvipeleka kwenye hazina ya mtandaoni kama MusicBrainz, na kurudishiwa majina yaliyoandikwa na mtu tusiyemjua. Mtandao ukikatika, faili hutoka "Piste 01", "Piste 02", "Artiste inconnu". CD za kwaya zilizochomwa hapa hapa mjini hutoka hivyo hata mtandao ukiwapo. Afadhali hizo, kwa kuwa pengo linaonekana. La kuogopwa ni kisanduku cha taarifa za wimbo kilichojazwa vizuri kwa jina lisilo lake.

Chukueni CD iitwayo On the Edge of the Ituri Forest, ya SWP Records ya Uholanzi. Ni nyimbo ambazo Hugh Tracey alizirekodi kwetu mwaka 1952, za Wambuti, Wabudu, Wanande na wengineo. Tracey alikuwa akijaza kadi kwa kila wimbo: nani anaimba, lugha gani, ala gani, mahali gani. Kazi hiyo imetunzwa na ILAM, maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Lakini diski ikiingia kwenye kompyuta, kisanduku cha "Artiste" hujazwa "Hugh Tracey". Mwenye mashine ya kurekodia amegeuzwa mwimbaji, na waimbaji wenyewe, wazee wetu, wamefutika. Kisanduku cha mwaka nacho hupewa mwaka wa CD, si 1952.

Muziki wa Kinshasa haujasalimika. "Mabele" ulitungwa na Simaro Lutumba na kuimbwa na Sam Mangwana katika TPOK Jazz, lakini mara nyingi faili husema "Franco", kiongozi wa bendi, basi. Tabu Ley naye, kompyuta humhesabu watu watatu: Rochereau, Tabu Ley, na Tabu Ley Rochereau. "Indépendance Cha Cha" ya Grand Kallé hugeuka "IndÃ©pendance" mashine mbili zisipoelewana juu ya herufi, na anayeitafuta kwa jina lake haioni.

Nimeliandikia jambo hili ripoti baada ya ripoti. Jibu hurudi lile lile: kipindi kinangoja, nyimbo ziingie leo. Naelewa shinikizo hilo. Nisichokielewa, bila kutaja taasisi yoyote, ni makasha kutupwa mara diski zinapokwisha kunakiliwa, eti kabati lipate nafasi. Kijitabu cha ndani ya kasha ndicho shahidi wetu, na mara nyingi hatuna mwingine.

Kwa heshima kwa wakuu wetu, napendekeza kasha lolote lisitupwe. Kijitabu kipigwe picha kabla diski haijaingizwa, na picha ikae folda moja na faili. Majina ya mtandaoni yalinganishwe na kijitabu wimbo kwa wimbo, na mlinganishaji asiwe yule aliyenakili. Mtunzi, mwimbaji, bendi na aliyerekodi kila mmoja apewe kisanduku chake, FLAC inaruhusu. Mwaka wa kurekodiwa utengwe na mwaka wa CD. Tukubaliane jina moja kwa kila msanii, na majina yake mengine yaandikwe pembeni. SOCODA, shirika letu la haki za watunzi, haiwezi kumlipa mtunzi ambaye jina lake halimo popote.

Kwa CD za kwaya, mwalimu wa kwaya aitwe, asikilize, ataje mtunzi na kiongozi wa sauti. Hili ni la haraka: vita vimewatawanya waimbaji wengi wa Djugu na Irumu, na anayejua leo huenda mwakani asipatikane. Asipokuwapo anayejua, kisanduku kiachwe wazi, kisijazwe kwa kukisia. Narudia, makasha yasitupwe. Na saa za ukaguzi ziwekwe ndani ya ratiba ya kazi, zilipwe kama saa nyingine.