TAA YA BAISKELI NI CHOMBO CHA KAZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Milimani, Kisumu)



Nimeombwa niseme habari ya barabara. Nitajaribu kusema kwa ufupi, ingawa Bwana Katibu anajua ya kuwa nikianza habari hii breki zangu hazishiki vizuri.

Katika mkutano uliopita palikuwa na makelele mengi. Madereva waliwalaumu wapanda baiskeli kwamba hawana taa, hawatazami nyuma, na hukata kona kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Wapanda baiskeli wakajibu kwamba madereva huwapigia honi kama watu wapigiao mbwa kelele, huwasukuma hadi kwenye mchanga, kisha hupita bila hata kutazama kama mtu ameanguka. Wa pikipiki walilaumiwa na wote. Waendao kwa miguu hawakusema neno, maana wao wamezoea kuruka mtaroni na kunyamaza.

Mimi nami nilinyamaza, lakini sababu yangu ni nyingine. Nimekuwa pande zote mbili. Mwaka 2004 nilikuwa nikibeba abiria kwa ndiga hapa Kisumu, na keria yangu ilikuwa na mto mwekundu wa kukalia. Kazi ile ya bodaboda ilianza kule mpakani Busia, na kwetu ilitulisha wengi. Halafu mwaka 2008 serikali iliondoa kodi katika pikipiki ndogo, pikipiki zikajaa, abiria wakatuacha. Nikajifunza kuendesha motokaa, nikaandikwa dereva na tajiri mmoja aliyekaa huku huku Milimani. Kwa hiyo nimetukana madereva, na nimetukana wapanda baiskeli, na kila mara niliona haki iko upande wangu.

Sasa nataka tutazame saa. Wengi wetu tuliomo humu ni askari wa malango, wapishi, mayaya, na watunza bustani. Askari hubadilishana zamu saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mpishi hutakiwa awe jikoni kabla watoto wa tajiri hawajaenda shule. Lakini jua la Kisumu halifuati saa ya tajiri. Saa ya Kenya yote ni moja, nasi tuko upande wa magharibi, hata watu wa Mombasa huliona jua kama dakika 20 kabla yetu. Hapa kwetu mara nyingi saa kumi na mbili na nusu inakuwa karibu kufika ndipo jua lichomoze. Basi mtu atokaye Nyalenda au Manyatta ili awe langoni saa kumi na mbili kamili, safari yake yote ni ya giza. Huivuka Ring Road gizani, na hupita chini ya miti hii mikubwa ya Milimani ambayo mchana tunaisifu kwa kivuli, na alfajiri hufanya giza likawa maradufu. Kila siku ya kazi ni hivyo, mwaka mzima, wala si kwa uzembe wake.

Na ni nani anayekutana naye? Ni dereva kama nilivyokuwa mimi, ambaye ameamshwa saa kumi na moja ampeleke tajiri akapande ndege, naye amechelewa, na tajiri anatazama saa yake.

Nitawaambia jambo ambalo sikulisema mkutano uliopita. Mwaka 2016, jioni, mvua ikiwa imekwisha kunyesha, nilikuwa nikirudi na gari la tajiri katika barabara hizi hizi. Gari lililokuja mbele yangu lilikuwa na taa kali, likanipofusha. Lilipopita nikaona kitu cheusi mbele yangu, nikakanyaga breki, gari likateleza. Nilimgonga kwa ubavu. Alikuwa mzee mmoja, askari wa usiku, amevaa koti jeusi alilopewa na mwajiri wake, baiskeli nyeusi, hana taa mbele wala kipande cha kung'aa nyuma. Nilitoka nikipiga kelele, "Mzee, taa yako iko wapi?" Yeye alikuwa ameketi katika maji ameushika mguu wake, akaniambia, "Mwanangu, hiyo taa ningeinunua kwa nini?"

Mguu ulikuwa umevunjika. Tulimpeleka hospitali kwa gari lile lile. Alikaa nyumbani miezi mitatu, na mshahara wa miezi hiyo hakuuona, maana mwajiri alisema ajali haikutokea kazini. Siku nilipokwenda kumtazama aliniuliza habari za watoto wangu, wala hakunitukana. Ningaliona nafuu kama angalinitukana.

Sasa sikieni hesabu, kwa sababu madereva husema, "Mimi nina macho mazuri, breki zangu nzuri." Sheria ya Kenya inasema mwendo katika mji usizidi kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 14 katika sekunde moja. Ukimwona mtu, mpaka moyo ushituke na mguu ufike kwenye breki, sekunde hiyo imekwisha, na gari bado halijapunguza mwendo hata kidogo. Kisha litataka kama mita 14 nyingine ndipo lisimame, na hapo ni barabara kavu na matairi mazima. Barabara ikiwa na maji, ongeza. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nafasi inayotakiwa kwa breki huzidi mara nne. Mtu mwenye koti jeusi na baiskeli nyeusi huonekana akiwa karibu sana, pengine ndani ya hizo hizo mita. Akiwa na taa nyekundu nyuma utamwona kutoka mbali, uwe na nafasi hata ya kumeza mate.

Mwaka 2024 watu zaidi ya 4,700 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la waendao kwa miguu. Tuliona kanuni za Bwana Michuki mwaka 2004, mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu. Zilikuwa kanuni njema. Lakini yule atembeaye au apandaye baiskeli kwenda kazini hazikumfikia, na hana mkanda wa kufunga.

Nije katika jambo la chama. Iko sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, iitwayo WIBA, ya mwaka 2007. Sheria hiyo inasema kwamba mwajiri akiwabeba wafanyi kazi bure katika gari alilolitoa kwa ajili hiyo, likiendeshwa na yeye au na mtu wake, safari hiyo huhesabiwa kuwa kazi. Ukiumia humo, una haki. Lakini ukipanda baiskeli yako mwenyewe kwenda kazini, hapo ni vigumu sana kupata kitu. Ndivyo alivyonyimwa yule mzee. Lakini jueni hili pia, maana wengi hawalijui: ukiwa umekwisha kuingia kazini, na tajiri akakutuma dukani au sokoni Kibuye kwa baiskeli, ukagongwa njiani, hiyo ni kazi. Usikubali kuambiwa ulikuwa matembezini. Mwarifu mwajiri mara moja, umwarifu na Katibu wetu, na madai yenyewe yasipite miezi 12. Na akugongaye na motokaa, andika namba ya gari lake, hata kama ni juu ya kiganja, ukaripoti polisi upewe abstrakti. Gari lolote lazima liwe na bima kwa ajili ya watu linaowaumiza. Bila namba huna pa kuanzia.

Kwa hiyo sioni faida ya kuendelea kugombana sisi kwa sisi. Mwajiri humpa askari rungu, tochi, kofia na koti, kwa sababu anasema hivyo ni vyombo vya kazi. Basi na taa mbili za baiskeli, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na fulana ya kung'aa, zina tofauti gani? Yeye ndiye aliyeiweka zamu saa ya giza. Na lile koti, kama lazima liwe jeusi, lishonewe utepe wa kung'aa mgongoni. Nataka jambo hili liandikwe katika madai yetu ya mwaka huu, pamoja na mshahara, lisiwekwe chini kabisa ambako karatasi hukunjwa. Kama mwajiri anaona taa ni ghali, basi asogeze zamu mpaka saa moja. Jua halimtozi kitu.

Sisi nasi tuna makosa yetu, sitayaficha. Wako wanaopanda baiskeli upande usio wao kwa sababu wanakwenda karibu tu. Wako wa pikipiki wanaobeba watu watatu na gunia la omena kutoka Dunga, na kofia ya chuma imening'inia mkononi kama kikapu. Waendao kwa miguu, tembeeni upande wa kulia pale pasipo na njia yenu, mpate kuliona gari linalowajia. Na ndugu zangu madereva, tajiri akisema "kimbiza", mwambieni atoke nyumbani mapema. Najua si rahisi kumwambia. Mimi jioni ile sikumwambia mtu, na gari halikuwa na mtu mwingine ila mimi.

Nimekwisha. Bwana Katibu ana daftari pale mezani. Kila mwenye baiskeli isiyo na taa aandike jina lake, mahali pa kazi, na saa anayoingia zamu, kabla hatujatoka. Yule mzee wa mguu yuko hapa leo, amekaa karibu na mlango, naye amesema ataandika wa kwanza.