Sinema za Wafalme wa Kale na Ufalme Wetu wa Karagwe

Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa chama chetu



Kamati iliniomba nizungumze jambo la kuburudisha, kwa kuwa asubuhi nzima mmesikiliza hesabu za paa la bweni na majina ya wasiolipa michango. Nimechagua kuzungumzia sinema ninazozipenda kuliko nyingine zote, yaani zile zinazoonyesha mambo ya kale: wafalme, mapanga, ngome na vita vya farasi. Lakini burudani hii ina jambo zito ndani yake, linalotuhusu sisi watu wa Karagwe na Kyerwa, nami nitalifikia kabla sijakaa.

Wale tuliosoma hapa mwishoni mwa miaka ya 1990 mnakumbuka jinsi jenereta lilivyokuwa likiwashwa Jumamosi usiku, televisheni ikawekwa juu ya meza bwaloni, nasi tukabanana kwenye mabenchi. Picha za kale ndizo zilizoshangiliwa kupita zote. Sababu yake si ngumu. Picha ya wapelelezi wa New York inamtaka mtazamaji ajue Kiingereza cha haraka haraka, lakini picha ya mfalme aliyenyang'anywa kiti na ndugu yake haihitaji mfasiri. Mambo hayo tulikuwa tumeyasikia jikoni kwa bibi zetu, tukisubiri ndizi ziive. Ngombe, ngoma, urithi, wivu wa ndugu, mganga wa mfalme: ni nini hapo kigeni kwa Mnyambo?

Nianze na Ben-Hur, iliyotengenezwa mwaka 1959 na kupata tuzo 11 za Oscar. Wengi huipenda kwa ajili ya mashindano ya magari ya farasi, na kweli mashindano yale hayajapata mfano. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Judah Ben-Hur na Messala ni marafiki tangu utoto. Messala anarudi akiwa afisa wa dola ya Rumi, na jambo la kwanza analomwomba rafiki yake ni amtajie majina ya Wayahudi wenzake wanaoipinga dola. Judah anakataa, na kutoka hapo urafiki unageuka uadui, jamaa nzima inaangamia, na yeye mwenyewe anatupwa kupiga makasia akiwa mfungwa. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kila niitazamapo picha hii huniuliza swali lile lile: mtu akipewa cheo, anabaki na deni gani kwa wale aliokula nao sahani moja? Picha yenye umri wa zaidi ya miaka 60, juu ya mambo ya miaka 2000 iliyopita, nayo yaweza kumkosesha usingizi karani wa leo.

Ya pili ni Excalibur, ya mwaka 1981, juu ya Mfalme Arthur wa Waingereza. Panga limekwama ndani ya jiwe. Mabwana wakubwa wanalivuta mpaka mishipa ya shingo inawasimama, lisitoke. Anakuja kijana asiyetazamiwa, analichomoa kama mtu anayechomoa kisu kwenye ndizi mbivu, na huyo ndiye mfalme.

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni habari nyingine. Mfalme Ndagara wa Karagwe alipofariki, katikati ya karne ya 19, wanawe waligombea kiti. Mzungu John Hanning Speke, aliyefika kwetu mwezi Novemba 1861, alisimuliwa jinsi shauri lilivyokatwa. Iliwekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa uzito wake, lakini yenye dawa za ufalme. Ndugu wote walijaribu kuinyanyua wakashindwa. Rumanyika akainyanyua bila taabu. Nduguye Rogero hakuridhika, na vita vikafuata.

Nimewahi kuwauliza vijana wa sekondari katika wilaya zetu hizi mbili kama wanajua habari ya panga la Arthur. Waliojua walikuwa wengi. Nikawauliza habari ya ngoma ya Rumanyika, wakatazamana. Siwalaumu. Panga lile wameonyeshwa. Ngoma hii hakuna aliyewaonyesha. Jina la Rumanyika Orugundu wanalijua kwa sababu hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2019 imepewa jina lake, na wengine hudhani ni jina la mlima.

Labda mtasema: sinema za kale zataka fedha nyingi, ngome za mawe na farasi elfu moja, nasi hatuna hata farasi mmoja. Ndiyo maana nataka niwataje wenzetu wa Mali. Mwaka 1987 Souleymane Cissé alitoa picha iitwayo Yeelen, maana yake mwangaza, ikapata tuzo ya baraza la waamuzi kwenye tamasha la Cannes huko Ufaransa. Ni habari ya zama za dola ya Mali: baba mwenye uganga mkubwa anamwinda mwanawe mwenyewe nchi nzima ili amuue, kwa kuwa kijana amepata siri za uganga ule. Hamna ngome wala jeshi kubwa. Mna nyika, moto, maziwa, nyumba za udongo, na watu wanaosema Kibambara, lugha yao wenyewe. Nilipoitazama mara ya kwanza, nikiwa Chuo Kikuu, nilifikiri juu ya vilima vya Bweranyange, na ukungu wa asubuhi bondeni, na ng'ombe wenye pembe ndefu. Kila kitu kilichokuwa katika picha ile, sisi tunacho.

Na kwa kweli mkoa wetu wa Kagera haukosi picha yake. Mwaka 1988 ilitoka filamu ya maarifa iitwayo The Tree of Iron, juu ya wafua chuma wa Kihaya. Mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alikuwa amefukua matanuru ya kale sana upande wa Bukoba, kama vile kule Katuruka, yenye umri wa zaidi ya miaka 1500. Ili kujua yalivyofanya kazi, katika miaka ya 1970 waliombwa wazee waliopata kuyeyusha chuma ujanani mwao wajenge tena tanuru. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa miaka mingi, baada ya majembe ya Ulaya kujaa madukani. Wazee wakachimba shimo, wakachoma nyasi za bwawani ndani yake, wakainua kuta, wakaingiza mabomba ya udongo, vijana wakapiga mivukuto. Chuma kikatoka, na baadhi yake kilikuwa cha pua. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika habari hizo katika jarida la Science, wakieleza kwamba mabomba yale yaliyoingizwa ndani kabisa ya tanuru yalipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Ulimwengu ukashangaa. Hapo tazameni jambo moja: maarifa yale yaliokolewa kwa sababu mtu aliwauliza wazee wangali hai. Kama angechelewa miaka 20 tu, angekuta makaburi.

Nimesema burudani hii ina jambo zito, nami sasa nimelifikia. Sinema ya kale si mchezo mtupu. Anayewasimulia watu habari za baba zao ameshika kitu chenye makali, na akisimulia uongo, damu yaweza kumwagika.

Mwaka 1950 kampuni ya Marekani ilitoa picha King Solomon's Mines, iliyopigwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kongo. Ilipata tuzo mbili za Oscar, na mandhari yake ni mazuri mno. Humo mna ufalme wa siri uliojificha milimani, na watu wake warefu walioigizwa na Watutsi wa Ruanda-Urundi, wakionyeshwa kama taifa la ajabu lisilofanana na Waafrika wengine. Fikira hiyo haikuzaliwa Hollywood. Imetoka mbali, na sehemu ya njia yake, nasikitika kusema, imepita kwetu Karagwe.

Speke alipokaa na Rumanyika kando ya ziwa dogo la Bweranyange, alipokewa kwa heshima kuu. Mwenzake Grant aliugua mguu, na Speke alipoondoka Januari 1862 kwenda Buganda, Rumanyika ndiye aliyemtunza mgonjwa kwa miezi mingine mitatu. Speke aliona ufalme wenye adabu na utaratibu, lakini akili yake haikukubali kwamba Waafrika wameujenga wenyewe. Akamwambia Rumanyika kwamba ukoo wake watoka Uhabeshi, kwa Mfalme Daudi. Kitabu chake cha mwaka 1863 kikaeneza fikira hiyo kwamba watawala wa nchi hizi ni wageni waliokuja kuwashinda wenyeji. Wakoloni wakaipokea, na katika Rwanda Wabelgiji wakaja kuwaandikia watu kabila kwenye vitambulisho. Na mwaka 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda, Léon Mugesera, alihutubia mkutano wa hadhara akitaka Watutsi warudishwe Uhabeshi, kwa njia ya mto Nyabarongo.

Nyabarongo unaingia Kagera, na Kagera ndio mpaka wetu. Mwaka 1994 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Sihitaji kuwaeleza watu wa hapa mto ule ulileta nini mwaka huo, wala jinsi makambi ya wakimbizi yalivyojaa Ngara na Karagwe. Wengi wenu mlikuwapo. Wazee wetu walikataza samaki nyumbani kwa miezi mingi. Ndipo nasema, wala sitanii: hadithi ya kale iliyosimuliwa vibaya kando ya ziwa letu mwaka 1861 ilisaidia kuleta msiba mtoni kwetu miaka 133 baadaye. Sababu nyingine zilikuwapo, na wauaji ni wauaji. Lakini hadithi ile ilikuwa moja ya silaha walizoshika mkononi.

Basi tufanyeje? Tukinyamaza, wengine watatusimulia. Sina maana kwamba chama chetu kitengeneze sinema ya mamilioni. Nina mapendekezo matatu, nayo yote yanalingana na mifuko yetu.

La kwanza, kila mmoja wetu mwenye mzee nyumbani, awe babu, bibi, shangazi au mjomba, na amrekodi kwa simu aliyo nayo mfukoni, kwa Kinyambo, bila kumkatiza na bila kumsahihisha. Amwulize habari za koo, za wafua chuma, za ngoma, za njaa, za biashara ya Waarabu pale Kafuro. Amwulize pia zile zisizotufurahisha: nani alikuwa mtumwa, nani alidharauliwa. Ufalme wetu ulikuwa na ubwana wake na unyonge wake, na picha inayoonyesha wafalme peke yao ni nusu ya habari.

La pili, maktaba ya shule ipate kitabu cha Israel Katoke juu ya ufalme wa Karagwe, kilichotolewa mwaka 1975. Katoke alikuwa mwanahistoria Mtanzania, na vijana wanapaswa kujua kwamba kazi hii imekwisha kuanzwa na watu wa kwetu. Mimi nitatoa nakala ya kwanza.

La tatu, vijana wa shule hii waandike na kuigiza, mwaka ujao siku kama ya leo, mchezo wa Rumanyika na ngoma, nasi tuupige picha. Panahitajika ngoma moja, vijana watatu na kilima. Hapa nisemeni kidogo kama mtumishi wa serikali: pale Bweranyange mtu asichimbe wala kuokota kitu, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na filamu ya kuonyeshwa hadharani hupitia Bodi ya Filamu. Fomu ni chache na hazing'ati.

Najua mnapenda Ben-Hur, nami naipenda. Nitaitazama tena, na tena. Lakini ningependa siku moja mtoto wa Nkwenda au Nyakahanga, akiona kijana wa Kiingereza akichomoa panga kwenye jiwe, amgeukie mwenzake na kusema: hii ni kama ile ya Rumanyika. Leo hana ya kulinganisha, na wazee wenye kumpa jambo la kulinganisha wanapungua kila msimu wa kahawa. Mwaka jana tulisoma hapa majina ya wazazi wetu waliofariki, na orodha ilikuwa ndefu. Kila jina lilikuwa na habari zake, nasi tulisimama kimya dakika moja tukakaa.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa, na harufu ya chakula imekwisha kutufikia. Kwa hiyo naomba tu kwamba pendekezo la kwanza lipigiwe kura leo hii, kabla hatujatawanyika, maana simu tunazo na wazee bado tunao.