Mzigo wa Msafiri wa Pikipiki



Tabora yetu ilikuwa makutano ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, hata reli ilipofika mwaka 1912. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua yapata kilo 30, na kila ratili isiyo na faida ilimlia nguvu bure.

Sisi tupelekao barua na dawa Sikonge au Ulyankulu kwa pikipiki, tusilisahau jambo hilo. Tuchukue tyubu moja, viraka na gundi, pampu, vyuma viwili vya kung'olea tairi, plagi na spana yake, waya wa klachi, na kiungio cha mnyororo. Tyubu tuiviringe kwa kitambaa, isije ikatobolewa na vyuma. Vyuma vizito tuvifunge chini, karibu na injini. Tusivitie katika mfuko wa mgongoni, maana aangukaye mchangani aweza kuvunjwa uti na spana zake mwenyewe.

Tena yatupasa kufungua gurudumu nyumbani kwa spana zile zile za safari. Spana isiyoingia barabara hapa mjini haitaingia msituni usiku, na huko mbele yuko mgonjwa aingojaye dawa. Chombo tusichoweza kukitumia si akiba, ni uzito tu.